Dipoziti ya nyumba B7: kisa cha mpangaji wa Bamburi na shilingi 20,000 zake

Zilizogombaniwa ni shilingi 20,000: 18,000 za dipoziti ya nyumba na 2,000 za dipoziti ya maji. Mpangaji ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, aliyekaa nyumba ya vyumba viwili huko Bamburi, Mombasa, kuanzia Januari 2020 hadi mwisho wa Septemba 2023. Mwenye nyumba ni mzee mstaafu aliyeijenga ploti ile ya ghorofa tatu kidogo kidogo, na tangu 2022 ameikabidhi kwa ajenti. Mimi niliingia kama msaidizi wa kisheria: nilimsaidia mwalimu kupanga karatasi zake na kuandika madai. Majina nimeyaacha na nambari ya nyumba nimeibadilisha. Hesabu ndizo zilizo na funzo, si sura za watu.

Mwalimu alitoka tarehe 30 Septemba, akakabidhi funguo kwa msimamizi wa ploti, akaambiwa pesa zake zitarudi baada ya nyumba kukaguliwa. Ukaguzi wenyewe hakuitwa. Katikati ya Oktoba ajenti alimtumia kwa WhatsApp picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: kupaka rangi nyumba nzima 13,500, usafi 2,500, sinki 4,500, maji ya Septemba 740. Jumla 21,240. Chini yake: "Mwalimu, dipoziti imeisha. Unadaiwa 1,240."

Nimeona karatasi za aina hii nyingi, na kinachonisumbua kila mara ni kimoja. Hesabu hufanywa na mtu mmoja, katika nyumba iliyofungwa, baada ya mwingine kurudisha funguo, na jumla yake haikosi kuifikia dipoziti au kuipita kidogo. Mpangaji aliyechoka na gharama za kuhama huona bora aache. Mwalimu hakuacha. Alikwenda kwa mzee mara mbili, kwa heshima, na mara zote mbili akaambiwa azungumze na ajenti. Ajenti naye akasema yeye anafuata maagizo ya mzee.

Pesa zile ni za nani

Kenya haina sheria inayomlazimu mwenye nyumba kuweka dipoziti katika akaunti ya peke yake, wala hakuna chombo cha serikali kinachoitunza. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ina baraza lake la wapangaji wa nyumba za kuishi, lakini inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani mno, na leo nyumba nyingi za Mombasa zimekivuka mbali. Sura ya 301, sheria nyingine ya upangaji, ni ya maduka, hoteli na mikahawa. Kwa hiyo mtu anayelipa 18,000 kwa nyumba ya kuishi hubaki na mambo mawili ya kushika: mkataba wake, na Sheria ya Ardhi ya 2012.

Wapangaji wengi hudhani sheria hiyo ni ya mashamba na hatimiliki peke yake. Kumbe ina sehemu nzima ya upangaji. Kifungu cha 66 kinaweka ndani ya kila mkataba wa kupanga, hata ule usiotaja jambo hilo, wajibu wa mpangaji kuirudisha nyumba katika hali aliyoikuta. Kisha kinatoa yasiyomhusu: uchakavu wa kawaida, moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake, ghasia, na majanga ya asili. Uchakavu wa kawaida ndio ulioibeba kesi hii.

Dipoziti basi ni pesa ya mpangaji iliyoshikwa na mwingine kwa masharti. Mpangaji anapaswa kuthibitisha kwamba alilipa na kwamba ametoka. Mwenye nyumba anayesema kuna hasara ndiye wa kuionyesha hasara hiyo, kwa sababu kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinamtwika mzigo yule anayedai kwamba jambo fulani lipo. Mitaani mambo yamegeuzwa: mpangaji ndiye anayesimama mlangoni kujitetea kwamba hakuharibu. Wenye kuomba ni wale wasiojua kwamba wana haki ya kudai.

Risiti ya zamani na nyongeza ya 2,000

Kabla ya kufika kwenye rangi, ajenti alikuwa na neno jingine. Alisema dipoziti ya 2020 ilichukuliwa na msimamizi wa zamani, aliyeondoka bila kukabidhi hesabu, na ofisi yake haikuipokea.

Kisheria hoja hii ni dhaifu. Aliyepokea alikuwa akipokea kwa niaba ya mwenye nyumba, na kumlipa wakala aliyeruhusiwa ni kumlipa mwenyewe. Wakala akila pesa, hilo ni baina yake na bosi wake. Ndiyo maana madai tuliyaandika dhidi ya mwenye nyumba, hatukumwandama ajenti. Hapa ndipo wapangaji wengi hupotezea nguvu, wakimfukuzia ajenti aliyehamisha ofisi huku mwenye ploti yupo na ploti ipo.

Lakini hoja dhaifu nayo hujibiwa kwa ushahidi. Mwalimu alikuwa na risiti ya Januari 2020, ya kijitabu cha kawaida cha dukani, isiyo na muhuri, imeandikwa kwa mkono: dipoziti 16,000, maji 2,000, na sahihi. Aliiweka pamoja na vyeti vyake vya ualimu, kwa hiyo haikupotea. Kubwa zaidi ni lililotokea Januari 2022. Kodi ilipopandishwa kutoka 16,000 hadi 18,000, ajenti huyuhuyu aliwaandikia wapangaji wote waongeze dipoziti ilingane na kodi mpya. Mwalimu alilipa 2,000 kwa Paybill ya ajenti, na kwenye sehemu ya akaunti akaandika nambari ya nyumba na herufi DEP. Taarifa yake ya M-Pesa iliionyesha wazi. Anayedai nyongeza amekwisha kukiri kwamba cha kuongezewa kipo. Baada ya ukurasa huo kuwekwa mezani, hoja ya msimamizi wa zamani haikutajwa tena.

Ukuta wa chumba cha nyuma

Shilingi 13,500 za rangi ndizo zilizokuwa kiini cha ugomvi. Mwenye nyumba alikuwa na mambo mawili ya kweli. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya Januari 2020, na mwalimu hakulikana. Pia Septemba 2023 ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa mbaya, na picha za ajenti hazikudanganya.

Nilikwenda na mwalimu kumwona jirani wa chini, ambaye chumba chake kimejengwa vivyo hivyo. Ukuta unapakana na bafu upande mmoja na nje upande wa pili. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi imetuna, imepasuka, na ndani yake kuna unga mweupe unaobaki kidoleni ukigusa. Fundi yeyote wa Pwani anaujua: ni chumvi. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa maji ya kisima yenye chumvi na mchanga uliotoka karibu na bahari. Unyevu unapopanda ukutani huibeba chumvi hadi juu, maji yanakauka, chumvi inabaki nyuma ya rangi na kuisukuma itoke. Mpangaji hata apanguse kila asubuhi hawezi kuizuia. Dawa yake ni ya mwenye jengo: kuzuia unyevu chini, kutengeneza bomba la bafu linalovuja, kubandua plasta iliyolowa na kupiga nyingine.

Hilo lilikuwa maelezo ya fundi. Kilicholigeuza kuwa ushahidi ni simu ya mwalimu. Mei 2021, katikati ya masika, alimtumia msimamizi picha ya ukuta huohuo ulipoanza kutuna, akaandika: "Kaka, ukuta wa chumba cha watoto unalowa, naomba umwambie mzee." Jibu: "Nimemwambia mwalimu, atatuma fundi." Fundi hakuja. Ujumbe huo mfupi ulithibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba tatizo lilianza zaidi ya miaka miwili kabla ya kuhama, kwamba mpangaji alitoa taarifa mapema, na kwamba upande wa mwenye nyumba ulijua. Baada ya hapo ni vigumu kumwita mpangaji mharibifu.

Kuta nyingine zilikuwa na nini? Alama za mikono ya watoto sebuleni, matundu ya misumari mitatu ya pazia, rangi iliyofifia mkabala na dirisha. Rangi ya maji ya bei ya kawaida katika hewa ya bahari, nyumba yenye watoto, karibu miaka minne. Huo ndio uchakavu wa kawaida. Na hata pale mpangaji anapokuwa ameharibu kweli, kumtoza bei nzima ya rangi mpya ni kumlipisha miaka ambayo rangi ya zamani ilikwisha kutumika. Rangi iliyokuwa imebakiza maisha ya miezi haiwezi kulipwa kama rangi ya jana.

Ajenti alijibu kwa maneno niliyoyasikia katika ploti nyingi: "Ndiyo kawaida ya hapa, kila anayetoka analipa rangi." Tuliusoma mkataba mstari kwa mstari. Ulisema mpangaji atairudisha nyumba "katika hali nzuri aliyoikuta", basi. Haukusema atapaka rangi upya. Lau ungesema hivyo, kisa kingekuwa kigumu zaidi, kwa kuwa pande mbili zina nafasi ya kukubaliana vingine kwa maandishi. Sharti la rangi likiwa ndani ya mkataba na umeutia sahihi, lina uzito. Likiwa ni desturi tu ya ajenti, halina uwezo wa kuchukua pesa ya mtu.

Kisha kulikuwa na makadirio ya fundi yenyewe. Yalikuwa na tarehe ya 11 Oktoba, nayo yalikuwa makadirio, hayakuwa risiti ya kazi iliyofanyika. Tarehe hiyo itarudi hapa chini.

Sinki na usafi havikuchukua muda. Sinki la bafuni lilikuwa na ufa, na mwalimu alikiri kwamba mwanawe aliangusha chupa ya dawa ya kusafishia. Nilimshauri akiri mapema na kwa maandishi, naye alikuwa tayari ameamua hivyo. Tuliuliza bei katika maduka mawili ya vifaa vya ujenzi, na pamoja na kazi ya fundi ikafika 2,800, si 4,500. Maji ya Septemba, 740, alikubali bila neno. Usafi wa 2,500 haukuwa na risiti wala jina la aliyesafisha.

Udhaifu wa mwalimu: notisi

Hapa mwenye nyumba alikuwa na hoja ya haki, na ajabu ni kwamba hakuitumia hadi alipopokea barua ya madai mwishoni mwa Novemba. Mwalimu alitoa notisi tarehe 9 Septemba akatoka tarehe 30. Mkataba ulitaka mwezi mzima. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi nacho kinataka notisi isiyopungua muda wa kodi, na iishe siku ya kulipa kodi. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, notisi ya tarehe 9 Septemba ilipaswa kumfikisha mwisho wa Oktoba.

Mwalimu alihamishiwa shule nyingine ghafla, lakini hilo halimhusu mwenye nyumba. Wakili wa mzee akajibu barua yetu kwa madai kinzani: kodi ya Oktoba 18,000, juu ya zile 1,240. Sasa mwalimu akawa anadaiwa 19,240. Aliponipigia simu jioni ile sauti yake ilikuwa imebadilika, na ninaelewa kwa nini. Umetoka nyumbani kudai chako, ukarudi na deni.

Lakini anayevunjiwa mkataba hulipwa hasara aliyoipata, na tena anapaswa kujitahidi kuipunguza. Swali basi likawa: Oktoba ile nyumba ilikaa tupu? Jibu lilitoka kwenye karatasi za mwenye nyumba mwenyewe. Ili kuthibitisha deni la maji la 740, wakili aliambatisha taarifa ya ajenti ya makusanyo ya Oktoba kwa ploti nzima. Kwenye mstari wa B7 kulikuwa na malipo ya 18,000 ya tarehe 3 Oktoba, kutoka kwa mpangaji mpya. Kodi ya Oktoba ilikuwa imekwisha kulipwa. Kumtoza mwalimu tena kungekuwa kuiuza Oktoba moja kwa watu wawili.

Mstari huohuo uliiangusha na hoja ya rangi. Kama mpangaji mpya alilipa tarehe 3 na kuingia tarehe 4, kama jirani alivyoshuhudia, makadirio ya kupaka nyumba nzima yaliyoandikwa tarehe 11 yalikuwa ya kazi gani? Nyumba ilikuwa tayari ina watu na vitanda, na ukuta wa chumba cha nyuma na chumvi yake palepale.

Mahakama ya Madai Madogo

Tulifungua madai Januari 2024 katika Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa. Mahakama hizi zimeundwa na sheria ya 2016, na ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hazifungwi na kanuni ngumu za ushahidi, mtu anaweza kujisemea bila wakili, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kwa mwalimu mwenye vipindi vya kufundisha, hizo siku 60 ndizo zilizomfanya akubali kuanza. Haraka haikuwepo kwa upande wa muda wa kushtaki, kwani madai ya mkataba Kenya yana miaka sita, lakini picha za simu na kumbukumbu za majirani hazina miaka sita.

Namna ya kuyaandika madai ilikuwa na uzito wake. Mahakama hii hairuhusiwi kusikiliza mzozo wa hati ya ardhi au wa nani akae katika nyumba. Imeruhusiwa kusikiliza madai ya pesa zilizopokewa na kushikiliwa. Mwalimu hakutaka nyumba, alikwisha kutoka. Alitaka pesa alizokabidhi. Tukaandika hivyo, na neno "upangaji" likabaki katika maelezo ya chanzo tu. Hata hivyo wakili wa mzee aliweka pingamizi la awali kwamba mambo ya mpangaji na mwenye nyumba ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa maoni yangu pingamizi hilo lingeanguka, kwa sababu hapakuwa na ardhi ya kugombania. Lakini kulisikiliza kungekula muda, na uamuzi wake ungeweza kukatiwa rufaa Mahakama Kuu.

Siku ya kutajwa, mwamuzi aliwauliza wote wawili kama wamewahi kukaa pamoja. Akawapa nusu saa nje. Ukumbini mzee alimwambia: "Mwanangu, ungekuja tukazungumza, hapa tusingefika." Mwalimu akamjibu: "Shikamoo mzee. Nilikuja mara mbili, ukaniambia nimwone ajenti." Mzee alimtazama wakili wake kimya, kisha akaomba aonyeshwe ile taarifa ya Oktoba. Naamini hakuwa ameisoma. Wenye ploti wengi wa umri wake huletewa jumla ya mwisho wa mwezi, na yaliyo katikati hawayaoni. Ninalisema hili kwa ajili yake pia: dipoziti za wapangaji wa mwanzo ziliingia katika saruji ya ghorofa ya tatu miaka mingi iliyopita, na kila anayetoka hulipwa kwa pesa ya anayeingia. Si wizi, lakini ndiyo sababu ya karatasi zile za kalamu kutafuta njia ya kufika 20,000.

Kwa hesabu yetu mwalimu alistahili 16,460, yaani 20,000 kutoa 2,800 za sinki na 740 za maji. Mzee alianza na 10,000. Walifikia 15,500: 8,000 siku ileile kwa M-Pesa na 7,500 kabla ya mwisho wa Februari. Madai kinzani yakaondolewa, pingamizi likaondolewa. Maafikiano yaliandikwa, yakasomwa mbele ya mwamuzi na kuwa amri ya mahakama.

Wapo waliomwambia kwamba angeshikilia 960 zilizobaki. Mimi nilimshauri akubali, na ningemshauri hivyo leo. Notisi yake ilikuwa fupi, hilo lilikuwa doa halisi. Pingamizi lilikuwa bado hai, na kila siku ya mahakama ilikuwa siku ya darasa bila mwalimu na nauli ya kutoka shule mpya hadi mjini. Nisingemshauri akubali zile 10,000, kwa sababu hapo angekuwa amelipa rangi ya ukuta ambao hakuuharibu.

Katika maafikiano tuliweka sharti moja ambalo nimelizoea: awamu ya pili ikichelewa, deni zima la 16,460 linarudi na mwalimu anaweza kuomba hati ya utekelezaji, yaani amri ya kulazimisha malipo. Zile 7,500 ziliingia asubuhi ya tarehe 1 Machi, siku moja baada ya muda. Mwalimu alinitumia nakala ya ujumbe wa M-Pesa na kuniuliza kama sharti limevunjwa. Nilimwambia ndiyo, limevunjwa. Akasema basi, amemsamehe mzee hiyo siku moja, na akaniomba faili nilifunge.